Muulize Fundi wa Hewa: Feni inanguruma, moshi hautoki

Maswali ya safari hii yamefanana sana, watu wamenunua feni nzuri tu, hela wametoa, halafu hewa haiendi, na karibu kila mtu anamalizia kwa kuniuliza aongeze feni ya ukubwa gani. Mi naomba kitu kimoja, kabla hujanunua feni nyingine panda kwanza juu ya dari uangalie elbo (kona za bomba), tii (kiungio cha njia tatu) na rediusa (kipande cha kushusha bomba kubwa kuwa dogo) ulizofungiwa, manake mara nyingi feni inabebeshwa kesi isiyo yake. Haya tuanze.

Fundi shikamoo. Nimefungiwa hudi ya jikoni, ile kofia yenye feni ya kuvuta moshi juu ya jiko, kwenye karatasi yake wameandika inatoa mita za ujazo 300 kwa saa. Tundu lake la kutolea hewa ni milimita 150 ila aliyenifungia alikuwa na mabomba ya 100 tu, akaweka rediusa palepale juu ya hudi akashusha, halafu kuna kona tatu mpaka kufika nje, zile kona kali za kukata bati na kuunga. Nikiwasha inanguruma nyumba nzima lakini moshi ukipanda unarudi usoni. Ninunue feni yenye nguvu zaidi?
*Mama Mwenye Jiko*

Marahaba mama. Feni yako nzima kabisa, iache. Shida iko hapo juu yake.

Tupige hesabu kidogo, usiogope, ni kuzidisha tu. Hewa ikiwa kwenye mwendo inabeba presha ya mwendo, unaipata kwa kuchukua mwendo (mita kwa sekunde) ukauzidisha kwa wenyewe halafu ukazidisha tena kwa 0.6, jibu linatoka kwa paskali, kipimo cha presha. Kila fitingi, yaani elbo, tii au rediusa, nayo ina namba yake inayoonyesha inakula presha hiyo mara ngapi. Elbo kali ya nyuzi 90, ile ya kukata na kuunga, inakula kama mara 1.2. Elbo ya mviringo ambayo rediasi yake, ukipima mpaka katikati ya bomba, ni mara moja na nusu ya kipenyo, inakula kama 0.2 hivi. Kwa hiyo kona mbili zinazogeuza hewa nyuzi zilezile 90, moja inakula mara sita ya mwenzake, na kwa macho ya mtu aliyesimama chini zote ni kona tu.

Sasa weka hewa yako ya 300 ndani. Kwenye bomba la 150 inakwenda karibu mita 4.7 kwa sekunde, presha ya mwendo ni kama paskali 13. Ukiishusha kwenye bomba la 100 hewa ileile inabidi ikimbie zaidi ya mita 10 kwa sekunde, presha ya mwendo inaruka mpaka kama 67. Elbo kali tatu kwenye bomba hilo la 100 zinadai karibu paskali 240. Elbo laini tatu kwenye bomba la 150 zinadai kama 8. Umeona hapo? Nane kwa mia mbili na arobaini, feni ileile, nyumba ileile, na hapo bado sijahesabu msuguano wa bomba lenyewe wala kile kifuniko cha nje. Feni za hudi za nyumbani hazina presha ya kulipa deni hilo, kwa hiyo inachofanya inapunguza hewa mpaka deni lifike pale inapoweza, ndo maana ile 300 ya kwenye karatasi wewe huioni. Kelele nazo nyingi zinatokana na hewa kukimbizwa kwenye kitundu kidogo na kugonga kona.

Cha kufanya mama, toa rediusa, rudisha bomba la 150 kuanzia kwenye tundu mpaka nje, weka elbo za mviringo, na angalia kama ile kona ya tatu ina ulazima wowote, manake mara nyingi kona mbili za 90 zilizowekwa ili bomba likwepe boriti zinaweza kubadilishwa na mbili za 45 na bomba likapita vizuri tu. Mahali penye nafasi usikubali kona mbili zigusane, hewa ikitoka kwenye kona inakuwa imevurugika upande mmoja na ikikutana na kona nyingine kabla haijatulia hasara inaweza kuzidi ile ya kona mbili ukizihesabu mojamoja. Weka kipande kilichonyooka katikati. Halafu panda uangalie ile dampa ya kuzuia hewa isirudi ndani, kile kibati kinachofunguka feni ikiwaka, nimeshakuta skrubu ndefu imepigwa pembeni yake kibati hakifunguki hata nusu, mwenye nyumba miaka yote analaumu feni.

Na jambo moja watu hawaliamini mpaka waone: hudi ikitoa hewa 300 lazima 300 nyingine iingie kutoka mahali. Kama milango na madirisha yamebana kote, feni inavuta kwenye chumba kilichofungwa, hapo hata uweke bomba la 300 haitasaidia. Fungua dirisha la chumba kingine kidogo halafu usikilize, sauti ya feni ikibadilika umeshajua.

Kaka, bafuni kwangu feni ya dari imeunganishwa na lile bomba linalokunjika la karatasi ya alumini lenye waya ndani. Umbali mpaka ukutani ni mita mbili tu lakini jamaa aliingiza bomba zima la mita tano kule juu akasema ukiliacha refu ni poa likitaka kuvutwa siku nyingine. Kioo hakikauki na dari imeanza kuota madoa meusi.
*Wa Bafuni*

Hapo hamna mjadala, likate.

Bomba la fleksibo lina raha yake, linapita popote, halihitaji elbo, mtu mmoja analifunga peke yake. Bei yake unailipa ndani: zile kunjakunja zinasugua hewa hata bomba likiwa limevutwa mpaka mwisho, na likiachwa limelegea zinakuwa matuta yaliyosogeleana na upinzani unapanda mara kadhaa kwa urefu uleule. Yako ni mita tano zimejikunja kwenye nafasi ya mita mbili, yaani hewa inapita kwenye matuta halafu inazungushwa kama nyoka, halafu pale bomba linaponing'inia katikati mvuke unapoa unageuka maji unajaa kwenye tumbo la bomba. Ukiligusa sehemu ile ya chini taratibu kwa mkono utasikia maji yanacheza. Hayo maji ndo yanarudi kwenye feni na kwenye dari yako.

Kata libaki la urefu unaohitajika, livute linyooke kabisa kabla hujafunga klipu, na lishikilie kwa mkanda mpana kila baada ya mita 1.2 hivi, mkanda mpana nimesema, sio waya mwembamba unaolibana kiunoni. Kati ya mkanda na mkanda lisilegee zaidi ya sentimita 4 kwa kila mita. Kama linakata kona, ile kona isiwe kali kuliko rediasi ya kipenyo kimoja cha bomba, na hasa pale linapotoka kwenye feni, watu hulipinda palepale shingoni kwa sababu nafasi ya juu ni ndogo. Hapo weka elbo ngumu ya bati au plastiki halafu fleksibo ianzie baada yake. Ungeniuliza mimi ningekwambia mita mbili zote uweke bomba gumu, lipe mteremko kidogo kuelekea nje maji yatoke yenyewe, fleksibo ubakize kipande kifupi cha kuzuia mtetemo. Na kama linapita kwenye dari ya baridi livishe insulesheni, bila hivo hata bomba zuri litatoa jasho ndani.

Injinia wetu kachora dakti (njia ya hewa ya bati) ya pembe nne ya milimita 400 kwa 100 kwa sababu nafasi juu ya silingi ni ndogo. Fundi bati anasema yeye angeweka 200 kwa 200 eneo ni lilelile na bati linapungua. Nani yuko sahihi? Pia anataka kona zote ziwe za mraba ndani na nje ili zipendeze.
*Msimamizi wa Ujenzi*

Wote wana haki, inategemea silingi itakubali nini. Eneo ni moja kweli, milimita za mraba 40,000, ila hewa haiangalii eneo peke yake, inaangalia pia ni ukuta kiasi gani inasugua. Ya 400 kwa 100 ina mzunguko wa milimita 1,000, ya 200 kwa 200 ina 800, kwa hiyo ile bapa inakula bati robo zaidi na kwa msuguano inafanya kazi kama bomba la duara la milimita 207 hivi wakati ya mraba inafanya kama la 219. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa hewa ileile msuguano unafuata kipenyo kwa nguvu ya tano, piga mwenyewe utaona ile bapa inadai karibu theluthi moja zaidi kila mita. Uwiano wa nne kwa moja ndo mpaka ambao wengi tunaukubali, zaidi ya hapo unakuwa unanunua bati la kusugulia hewa. Kama kuna sehemu silingi iko juu, mwambie injinia dakti ianze karibu na mraba na iwe bapa pale tu penye boriti, na mabadiliko yaende taratibu.

Kuhusu taratibu nifafanue kidogo, manake hapa watu wanafanya kinyume. Hewa ikiingizwa kwenye njia inayopungua inavumilia, haina shida sana hata ukibana kwa pembe kubwa kidogo. Ikitoka kwenye njia nyembamba kwenda pana ndo inakuwa mkorofi, ukiipanulia ghafla inajitenga na kuta, inazunguka pembeni, na presha yake inapotea bure. Kwa kupanua hesabu kila sentimita moja ya kipenyo inayoongezeka uipe kama sentimita nne za urefu. Kutoka 200 kwenda 250 basi, kipande kiwe kama sentimita 20. Nimeona vya sentimita 5 vingi mno.

Kona za mraba kwa ajili ya kupendeza, silingi ikishafungwa nani anaziona? Mwambie azungushe. Kama kweli hakuna nafasi ya kuzungusha, kona ya mraba inakubalika ikiwekwa vibati vya kuongoza hewa ndani, vile vilivyopinda vinavyopangwa kwa safu kwenye mshazari wa kona, vinashusha hasara kwa kiasi kikubwa ukilinganisha na kona tupu. Ila vikague kabla hajafunga. Kibati kinatakiwa kipokee hewa inavyokuja na kiiachie inavyokwenda, kikiwekwa kinyume au kikilegea ni afadhali kisingekuwepo. Na visiwekwe kwenye dakti inayobeba mafuta ya jikoni au vumbi, vitaziba.

Nina karakana ya mbao, mashine mbili kila moja bomba la 100, nataka ziungane ziende kwenye mnyonyo mmoja. Nimesoma kwamba bomba kubwa ni zuri kwa hewa kwa hiyo nimepanga kuunganisha na tii ya kawaida kisha bomba kuu liwe 200. Sawa?
*Seremala*

Sio sawa, na nimefurahi umeuliza kabla hujanunua, kwa sababu yote niliyomwambia yule mama wa jikoni kuhusu bomba kubwa kwako yana mpaka. Wewe hubebi hewa tu, unabeba na pumba za mbao, na pumba zinataka mwendo, karibu mita 20 kwa sekunde ndo zinaelea na kusafiri. Mabomba mawili ya 100 kwa pamoja yana eneo sawa na bomba moja la kama 140. Ukimwaga hewa hiyo kwenye 200 eneo linakuwa mara mbili, mwendo unaanguka kutoka 20 mpaka 10, pumba zinakaa chini ya bomba, zinajenga tuta, siku moja tuta linaziba au cheche inaingia humo, na vumbi la mbao likishika moto ndani ya bomba sitaki hata kuelezea. Chukua 150, mwendo unabaki karibu 18, inafanya kazi mashine zote mbili zikiwa wazi. Ukizoea kufunga moja na kutumia moja basi jua kwamba mwendo kwenye bomba kuu unashuka karibu nusu, hapo bora uache zote wazi au ukubali kufungua na kusafisha mara kwa mara.

Tii sasa. Kwa mwendo wa mita 20 presha ya mwendo ni paskali 240. Tawi likiingia kwenye bomba kuu kwa pembe ya nyuzi 90 linapoteza karibu yote, 240 nzima. Likiingia kwa 45 linapoteza kama 0.28 yake, paskali 67. Kwa 30 ni 0.18, paskali 43 hivi. Kwa hiyo nunua wai (kiungio ambacho tawi linaingia kwa mshazari) sio tii, na kama ukitaka tawi lianze kutoka upande wa nyuzi 90 weka wai ya 45 ukaongeza elbo ya 45, bado utakuwa mbele. Wai igeuzie upande hewa inakoelekea. Najua inaonekana ni kitu cha kuchekesha kusema lakini wai iliyofungwa kinyumenyume nimeikuta kwenye karakana ya mtu makini kabisa, hewa ya tawi inaingia ikigongana uso kwa uso na ya bomba kuu. Na matawi mawili yasiingie mahali pamoja yakitazamana, yapishanishe.

Tumeongeza feni kubwa ya duara kwenye ofisi, kabla ya feni kuna kona imegusa mdomo wa feni kabisa. Tunaambiwa feni mbovu kwa sababu haifiki hewa ya kwenye katalogi. Tunataka kumrudishia muuzaji.
*Wa Ofisini*

Muuzaji atashinda hiyo kesi. Feni ya katalogi imepimwa hewa ikiingia imenyooka na imetulia. Ya kwenu inapokea hewa iliyotoka kwenye kona saa hiyohiyo, imelundikana upande mmoja wa bomba na nyingine inazunguka, sehemu ya gurudumu inashiba na sehemu inakaa na njaa. Hasara hiyo huipati kwa kupima elbo, inaonekana kwenye feni yenyewe kwa hewa kupungua na mtetemo, na beringi ndo zinakuja kulipa baadaye.

Mnatakiwa kuacha bomba lililonyooka la urefu wa vipenyo vitatu mpaka vitano kabla ya mdomo wa feni, kwa bomba la 200 ni sentimita 60 mpaka mita moja. Hata upande wa kutokea acheni kama vipenyo viwili na nusu kabla ya kona. Kama hapawezekani, basi elbo yenye rediasi ndefu, kali kabisa msiweke. Na msishawishike kuzungusha feni kwa kasi zaidi ili kufidia, kwenye mfumo uleule ukitaka hewa iongezeke asilimia 20 mota itadai nguvu karibu asilimia 73 zaidi, hiyo ni kila saa feni inapowaka.

Naomba swali fupi, tepu ya kitambaa ile ya kijivu inatosha kwenye maungio ya dakti?
*Mpita Njia*

Hapana. Maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani walizijaribu mwaka 1998 kwenye joto na baridi na zile za kitambaa ndo zilizofeli vibaya. Kwenye maungio funga skrubu au riveti kwanza, halafu pakaa mastiki ya dakti, ile gundi nzito ya kuziba, kwa brashi, au tepu ya alumini yenye gundi nzuri kwenye bati lililofutwa mafuta na vumbi. Mara nyingine tepu hufungwa juu ya vumbi halafu mtu anashangaa.

Grili ya chumbani kwetu, ile ya kutolea hewa, inapiga mluzi usiku, nikifunga vile vibati vya nyuma yake kidogo mluzi unazidi. Nimechoka.
*Asiyelala*

Pole. Unapobana hewa hapo kwenye grili ndo unatengeneza mluzi wenyewe, hewa inapita kwenye kijinafasi kwa kasi sentimita chache kutoka masikioni mwako na haina pa kutulia. Vifungue vyote wazi kabisa. Kisha fundi apande aangalie pale tawi la chumba chako linapotokea kwenye dakti kuu, hapo ndo dampa ya kubania hewa inatakiwa kukaa, abane hewa kule mbali na kelele iishie njiani. Kama hakuna dampa aiweke, na akiwa juu apime kipenyo cha hilo tawi, likiwa limeshuka ghafla kutoka kwenye dakti kuu bila rediusa ya mteremko aniandikie vipimo tuone.